Shikamoo, Koti Jeupe

Goti langu la kulia lina tabia za mwenye nyumba. Hukaa kimya wiki tatu, ya nne linabisha hodi, na likishabisha halitaki kusikia habari za njoo kesho. Nimelivumilia tangu vuli ya mwaka jana. Nimelipaka mafuta ya nazi, nimelipaka ya mgando, nimelipaka na yale yanayonukia karafuu anayouza kijana mmoja pale feri, ambaye huondoka kabla hujahesabu chenji. Goti likayanywa yote, likanenepa.

Mama Zuhura, ambaye ndiye hupigiwa kelele kila ninapoinuka kwenye kochi, jioni moja akanisogezea simu puani.

"Soma hapa."

Nikasoma. Kijana kavaa koti jeupe, mikono kaifumbata kifuani, shingoni kaning'iniza kile kidude cha kusikilizia moyo, na nyuma yake mashine kubwa ya aina ambayo naamini hata Muhimbili wangeifunika shuka isipate vumbi. Juu ya picha: Dk., halafu jina. Chini ya jina, kwa herufi nyekundu: BINGWA BOBEZI. Na chini kabisa orodha ya anayoyatibu: mifupa, viungo, kisukari, presha, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume, uzazi, mzio, mtoto asiyetulia darasani, na (hapa nilivua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena) migogoro ya ndoa.

"Hapo kwenye ndoa hatujafika," nikasema.

"Hatujafika kwa sababu sijasema," akajibu Mama Zuhura.

Basi tukaenda. Mahali penyewe sitapataja, maana mhariri wangu ana presha na mimi sina wakili. Itoshe kusema ni ghorofani, juu ya duka la spea za bodaboda, na kibao cha mlangoni kinadai kwamba kliniki hiyo ni ya kimataifa. Ndani kulikuwa na benchi moja, feni moja, binti wa mapokezi mwenye daftari kubwa, na televisheni inayoonyesha tamthilia ya Kituruki iliyotiwa Kiswahili. Mtu wa kimataifa pekee niliyemwona mle ni yule Mturuki.

Mlango wa ndani ukafunguka, koti jeupe likatokea. Sasa naomba msomaji anisamehe kwa hili ninalotaka kulisimulia. Mimi ni mtu mzima wa miaka 58. Nina mjukuu mmoja na mwingine yuko njiani. Huyu kijana kitinda mimba wangu angeweza kumtuma dukani. Lakini nilipoliona lile koti, na kile kidude shingoni, mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Shikamoo, dokta."

Ilinitoka kama chafya. Na yeye, mwana huyu, badala ya kuruka pembeni kama mtoto aliyefunzwa kwao, akaitikia: "Marahaba, mzee. Karibu."

Mama Zuhura akageuka kutazama ukuta.

Ukuta ulistahili kutazamwa. Ulikuwa umejaa vyeti kama ukumbi wa harusi ulivyojaa maputo, kila kimoja na fremu yake ya dhahabu. Nilipokaribishwa kukaa nikajidai nanyoosha goti, nikasogea kuvisoma. Cha kwanza kilikuwa cha ushiriki wa semina ya siku mbili hotelini. Cha pili cha ushiriki. Cha tatu cha ushiriki na shukrani. Ushiriki, kwa Kiswahili ninachokijua mimi, maana yake mtu alikuwepo na alikula. Mimi nimeshiriki misiba mingi sana katika maisha yangu, na mpaka leo sijawa marehemu. Cha nne kilikuwa cha mauzo bora ya mwezi. Cha tano kilikuwa juu mno, miwani yangu haikukifikia, lakini nilimtambua simba wa nembo yake, na simba yule hajawahi kufundisha chuo chochote.

Nisijifanye malaika. Cheti changu mwenyewe cha uandishi ni cha miezi mitatu, nimekitundika nyuma ya mlango wa chumbani, na mlango huo huwa wazi daima. Sisi waandishi tuna jina letu la watu wa namna hiyo, tunawaita makanjanja. Mawakili wana vishoka, mafundi umeme wana vishoka. Lakini kanjanja akikosea, anayeumia ni sarufi. Kishoka wa goti akikosea, goti ni la kwako, unalala nalo.

Kijana akanipa kijiti cha chuma mfano wa kalamu, kina waya uliokwenda kwenye kompyuta mpakato. "Shika, mzee, tulia dakika moja. Inapima mwili mzima." Nikashika. Kwenye skrini kukawa na kiunzi cha mtu kinabadilika rangi kama taa za baa, kikazunguka, kikazunguka, kikasimama. Zikatoka karatasi. Ini, figo, mapafu, kongosho, uti wa mgongo, sumu mwilini, ubongo, ngozi ya kuzunguka macho. Kila mahali palikuwa na tatizo, dogo au la kati. Nikazisoma zote nikitafuta goti. Goti halikuwemo. Mashine iliyotembelea mwili wangu wote ililiruka goti kama daladala inavyokiruka kituo chenye trafiki.

"Goti linatokana na figo," akanieleza kijana kwa upole.

Na kwa kuwa kulikuwa na ofa ya wanandoa, Mama Zuhura naye akashika kijiti. Kupima Sh 20,000 wawili. Dawa, chupa mbili za vidonge vya rangi ya majani makavu, Sh 85,000 kila chupa. Jumla Sh 190,000. Nikalipa kwa simu, na jina lililokuja kwenye muamala lilikuwa la mwanamke.

Wakati wa kutoka, nikiwa bado na kiherehere cha kiandishi, nikamuuliza binti wa mapokezi: "Mwanangu, hivi dokta udaktari wake kausomea wapi?"

Binti yule alikuwa mkweli kuliko jengo lote. "Hajasomea udaktari, baba. Hiyo Dk. ni herufi za majina yake mawili, lake na la baba yake."

"Na bobezi?"

Akafikiri. "Hiyo sijui. Labda la ukoo."

Nyumbani, Mama Zuhura akaziweka karatasi zetu mezani, yake kushoto, yangu kulia, akaanza kuzisoma kwa kidole kama anayekagua risiti ya sokoni. Ini lake na ini langu, namba moja. Kongosho, namba moja. Figo zetu zililingana mpaka tarakimu ya tatu baada ya nukta. Tumeoana miaka 31, mimi na mwanamke huyu hatujawahi kukubaliana hata juu ya chumvi ya mchuzi, na leo mafigo yetu yameafikiana bila kikao. Labda hiyo ndiyo tiba ya migogoro ya ndoa iliyotangazwa.

Nilikasirika. Watu wanadhani nilikasirikia fedha. Ni kweli, nilizikasirikia fedha, nazikasirikia hadi naandika hapa. Lakini fedha zina desturi ya kupotea na kurudi. Shikamoo je? Ukishaitoa, na ikishaitikiwa, hakuna ofisi ya kwenda kudai urejeshewe.

Usiku sikulala. Nikachukua simu, nikaingia kwenye daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo siku hizi mtu unaweza kulitafuta hapo hapo ulipo na kumwona aliyesajiliwa. (Ndiyo, Tanganyika. Nchi yenyewe iliungana na Zanzibar mwaka 1964, lakini kwa madaktari na mawakili bado ipo hai, na inatoa leseni.) Nikaandika jina la kijana. Daftari likanijibu kwa ustaarabu kwamba halimfahamu. Nikaandika bila Dk. Nikaandika kinyumenyume. Halimfahamu.

Sheria ya baraza hilo ni ya mwaka 2017, na haina mzaha na mtu anayejitangaza kuwa daktari hali hajasajiliwa. Hesabu ya kufika huko nayo haina siri. Shahada ya udaktari ni miaka 5. Kisha mwaka 1 wa utarajali wodini, ule ambao kijana halali na mama yake hamwoni. Ubingwa ni miaka mitatu au zaidi juu ya hapo, na ubobezi unajengwa juu ya ubingwa. Mtu akipita kote huko bila kukwama, na wengi hukwama kwenye ada, anatoka na nywele zimeanza kumkimbia. Kijana wetu alikuwa nazo zote, na kiduku juu.

Hata hilo neno bingwa. Simba na Yanga wakijiita mabingwa, msimamo wa ligi upo, kila mtu anajumlisha pointi mwenyewe na kutukana kwa takwimu. Ubingwa wa huyu ligi yake ilichezwa uwanja gani? Nani alishika nafasi ya pili?

Nilisema asubuhi nitakwenda kumshtaki. Mama Zuhura akaniuliza swali moja tu: "Kwenye malalamiko utaandika kwamba ulimwamkia?"

Sikwenda. Nadhani vishoka wengi nchi hii wanalindwa na aibu za watu wazima kama mimi.

Lakini kinachonishangaza zaidi ni hiki. Tembea kutoka Tandika mpaka Buguruni ukisoma vibao vilivyopigiliwa kwenye nguzo za umeme. Zamani vilisema mganga kutoka Sumbawanga, mganga kutoka Pemba, mganga kutoka Bagamoyo, na mtu alijua anakwenda kwa nani na abebe nini. Sasa vyote vinasema Dk. Dk. kutoka Sumbawanga. Dk. wa nyota. Mmoja kaandika Profesa Dk., akaongeza na Shehe, kama mtu aliyevaa makoti matatu mwezi wa pili. Wakati huohuo, daktari wa watu wote serikalini, aliyesoma mpaka vitabu vikamwogopa, cheo chake ni nani? Mganga Mkuu wa Serikali. Mkoani yuko Mganga Mkuu wa Mkoa. Wilayani, Mganga Mkuu wa Wilaya. Ukilazwa hospitali na ukataka kulalamikia uji, unapelekwa kwa Mganga Mfawidhi.

Yaani wamepishana njiani na kila mmoja kaondoka na kofia ya mwenzake.

Na wala mganga si neno la kuonewa haya. Ni mwenye kuganga, na kuganga ni kazi ya heshima mpaka tumeiweka kwenye methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Hakuna aliyewahi kusema tudokte yajayo. Tena kuwa mganga si kosa. Tangu mwaka 2002 ipo sheria ya tiba asili na tiba mbadala, lipo na baraza lake, mganga anaandikishwa kama fundi mwingine yeyote. Sasa mtu mwenye mlango wake halali ulio wazi, anaruka dirisha la jirani kufuata nini?

Udaktari wenyewe ukiufuata nyuma unakuta ni mali ya kuazima. Neno hilo kwa Kilatini lilikuwa na maana ya mwalimu, anayefundisha, kabla ya sindano kuja. Ndiyo maana mwenye shahada ya uzamivu wa historia ana haki nalo, na pengine alifika kwanza. Madaktari wengi wanaosomea Uganda na Kenya humaliza na shahada ya kwanza ya tiba na upasuaji, lile Dk. wanapewa kwa heshima ya kazi. Na Mwalimu Nyerere, aliyekuwa na shahada yake ya M.A. ya Edinburgh ya mwaka 1952 na lundo la udaktari wa heshima juu yake, alipenda aitwe Mwalimu tu. Mtu aliyejua Kilatini kidogo angesema alijiita daktari kwa Kiswahili sanifu.

Uingereza nako wana vituko vyao. Daktari wa kule akishafaulu mitihani ya upasuaji anaacha kuitwa Dk., anarudi kuwa Bwana fulani, na anajivunia. Mgonjwa mgeni anaweza kudhani kashushwa cheo. Asili yake ni kwamba wapasuaji wa London walikuwa chama kimoja na vinyozi, tangu mwaka 1540 mpaka walipoachana mwaka 1745, na enzi hizo wenye shahada za udaktari walikuwa watu wengine, hawashiki kisu. Kinyozi wangu kaandika kwenye kioo chake "Dk. wa Nywele". Nilipomsimulia habari hii hakushangaa. Akasema alijua tu kwamba ukoo anao.

Simkatazi. Kinyozi hakunidanganya, nikikaa kwenye kiti chake najua kinachokuja ni mashine na spiriti. Fundi anayeitwa daktari wa simu hajawahi kunigusa ini. Na muziki nao una madaktari wake. Kule Kinshasa walikuwa na Dokta Nico wa gitaa, na sisi tulikuwa na Dk. Remmy Ongala, ambaye kituo chake cha daladala kipo mpaka leo, Sinza kwa Remmy. Udaktari wa Remmy ulitoka jukwaani na kila aliyelipa kiingilio alijua hivyo. Tena yeye ndiye aliyeimba "Mambo kwa Soksi", akiwahimiza watu kutumia kondomu siku ambazo wenye vyeo vya kweli walikuwa bado wanakohoa na kuzungukazunguka. Kama kuna Dk. wa jina aliyefanya kazi ya afya bila kumdai mtu figo, ni huyo.

Nikumbushe na kikombe. Mwaka 2011 nusu ya nchi, na majirani zake, ilipanga foleni ya magari kwenda Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Kikombe cha dawa yake Sh 500. Habari ya kuponya siiingii, maana wapo walioacha dawa zao za ARV nyumbani wakaenda kunywa, na hilo si jambo la kuchekea. Lakini kwenye cheo, mzee yule hakumdanganya mtu. Hakujiita Dk., hakujiita Profesa, hakuwa na koti jeupe. Alikuwa Babu. Mjini hapa, kijana wa miaka 26 mwenye umati wa watu mlangoni namna ile angeshajiita chuo kikuu.

Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa dresa. Vijana wa leo hawalijui neno hili. Dresa alikuwa mtu wa zahanati wa kusafisha vidonda na kufunga bendeji, kuhesabu vidonge vya klorokwini, kuchoma PPF kwa sindano iliyochemshwa kwenye jiko la mafuta ya taa, na kupaka GV, ile dawa ya zambarau iliyomfanya mtoto mwenye vidonda aonekane katokea kwenye ngoma. Zahanati yake ilikuwa huko Handeni, na mimi nikiwa mdogo nilipelekwa likizo kwake nikakaa nje kwenye gogo na wagonjwa.

Kila aliyeingia alimwita Bwana Mganga. Na kila mara, bila kuchoka, mjomba aliwajibu: "Mimi dresa. Mganga yuko Korogwe, atakuja Jumatano."

Hawakumpenda kwa hilo. Nilimsikia mama mmoja akilalamika kwenye gogo, kwamba katembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni, halafu anaambiwa kafika kwa dresa. Kilichomuudhi si matibabu. Mtoto alishafungwa kidonda na alikuwa kalala. Kilichomuudhi ni kwamba atarudi kijijini aseme nini? Akaondoka akisema kwa sauti, ili na mjomba asikie: "Asante, Bwana Mganga." Mjomba akatoka nje na mkasi mkononi: "Dresa, mama!" Mama hakugeuka.

Nimemkumbuka sana mama yule wiki hizi. Chuo kimoja kinachotoa udaktari bila mtihani nchi hii kipo kwenye benchi la wagonjwa, na makamu mkuu wake ni mimi. Ingia duka la dawa muhimu, lile ambalo wazee wenzangu bado tunaliita duka la dawa baridi. Binti wa kaunta, aliyepata mafunzo ya kuuza dawa hizo na anajua mipaka yake, tunamwita dokta. Mtu wa maabara, dokta. Ofisa tabibu mwenye stashahada ya miaka 3, ambaye kwa kweli ndiye aliyezibeba zahanati za vijijini mgongoni, hata akikwambia yeye ni tabibu unamwona kama anajitia unyenyekevu. Nesi ukimwita nesi unaona umemkosea adabu, basi naye dokta. Nimewahi kumwona mzee akimweleza choo chake kwa kirefu mtu wa usafi aliyevaa ovaroli nyeupe, na yule bwana akamsikiliza mpaka mwisho, akamshauri anywe maji mengi. Ushauri mzuri, lakini ndoo alikuwa nayo mkononi.

Basi Jumatatu iliyofuata nikaenda hospitali ya serikali, saa kumi na mbili asubuhi, na kiti changu cha kukunja. Mama Zuhura akabeba chapati. Saa nne na nusu likaitwa jina langu. Chumbani alikuwa binti mwembamba, macho mekundu ya kukesha, koti lake lina doa la wino mfukoni. Kabla sijafungua mdomo akasimama.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, dokta," nikasema, nikihisi dunia inarudi mahali pake.

"Mimi ni daktari tarajali, baba," akasema, akinionyesha kitambulisho kilichoandika hivyohivyo. "Nitakuangalia, halafu nitazungumza na daktari wangu."

Hapo, msomaji, ndipo ningependa kukuambia kwamba nilimpongeza. Mtu mzima aliyekesha usiku mzima akikilaani cheo cha uongo, sasa kaletewa cha kweli, kimeandikwa, kina picha na muhuri. Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye goti lenyewe. Tarajali! Nimetoka nyumbani gizani, nimekaa saa nne na nusu, kwa tarajali? Nikajisikia nikisema, kwa sauti ambayo haikuwa yangu, ilikuwa ya mama yule wa Handeni:

"Hakuna mkubwa zaidi?"

Mama Zuhura akaanza kukunja foili ya chapati, polepole sana.

Binti hakununa. "Yupo, baba. Bingwa wa mifupa ana kliniki Alhamisi, nitakuandikia. Lakini ngoja nikuangalie kwanza." Akalishika goti. Akalikunja, akalikunjua, akaweka kiganja juu yake kama anayesikiliza redio ya jirani. Akaniuliza mambo ambayo kijiti cha chuma hakikuyauliza: napanda ngazi ngapi kwenda kazini, likiuma asubuhi linachukua muda gani kulegea, na nikisujudu nainuka kwa mkono upi. Akaniuliza kilo zangu. Nikamtajia za mwaka 2009. Akanipandisha kwenye mizani. Akaandika ukurasa mzima, akanituma eksirei.

Alhamisi nikarudi. Bingwa hakuwa na koti. Alikuwa mzee wa makamo yangu, shati la mikono mifupi, kalamu ya bei rahisi, na ukutani kwake kulikuwa na kalenda tu. Akasoma ukurasa wa binti kwa makini, akatazama picha kwenye mwanga wa dirisha, akaliminya goti mara mbili.

"Alivyoandika ndivyo," akasema.

"Ndivyo?"

"Ndivyo. Gegedu imelika. Punguza kilo nane, fanya mazoezi atakayokuonyesha mtu wa viungo, meza paracetamol likizidi. Hizo chupa za majani ulizosema, umezimaliza?"

"Moja."

"Ya pili usiifungue."

Tukatoka. Mama Zuhura alitembea mbele yangu bila kusema neno, na mwanamke huyu anapokosa la kusema ujue kapata mengi. Kwenye veranda, karibu na bomba la kunawia, tukakutana na binti yule, kakumbatia mafaili mpaka kidevuni, anakimbilia wodini. Nilikuwa nimepanga nimwambie kitu cha maana. Nilikipanga tangu kwenye foleni, na kilikuwa na methali ndani yake. Nikafungua mdomo, ikanitoka ileile chafya:

"Shikamoo, dokta."

Akageuka kutazama nyuma yake, aone ni nani anayeamkiwa.